Ngozi ya kuku hainikaukii kikaangoni, nakosea wapi?

Mgeni wa Kikaango
Habari zenu wanajukwaa. Ninaishi Dar es Salaam, ninapikia gesi, na nina kikaango cha chuma kizito nilichoachiwa na shangazi. Nataka paja la kuku ambalo ngozi yake inalia mdomoni kama ukoko wa wali, lakini ninachopata ni ngozi laini kama mpira, ambayo mara nyingine hunasa na kuchanika ninapoligeuza. Ninanunua kuku wa kisasa aliyegandishwa, ninamwacha ayeyuke, ninamloweka usiku kucha kwenye ndimu, tangawizi na kitunguu saumu, kisha ninatoa vipande bakulini na kuvitia moja kwa moja kwenye mafuta ya moto, saba au vinane kwa mkupuo. Kwa kuwa ninaogopa kukuta damu karibu na mfupa, ninafunika kwa dakika kumi za mwanzo. Sitaki kupaka unga wala mayai. Naombeni ushauri.

Mpishi wa Raskazone
Pole, ndugu yangu. Soma tena ulichoandika na uhesabu ni mara ngapi umemtia kuku maji: barafu iliyoyeyuka, ndimu, vipande vilivyobanana vikitoleana mvuke, na mwisho mfuniko unaourudisha mvuke huo ulikotoka. Ngozi ikiwa bado imelowa, joto lake haliwezi kupanda sana kupita nyuzi 100, ilhali rangi ya kahawia unayoitafuta huanza kushika vizuri kwenye nyuzi 140 hivi. Kwa hiyo kuku wako anachemka ndani ya mafuta.

Viungo vya majimaji vipake upande wa nyama tu, na ngozi uiachie chumvi peke yake. Ikaushe kwa karatasi za jikoni, kisha panga vipande kwenye sinia, ngozi juu, na uviweke friji usiku kucha bila kufunika, kwenye rafu ya chini kabisa ili visidondokee vyakula vingine. Asubuhi utaikuta ngozi imejikaza kama iliyowambwa kwenye ngoma.

Chungu Kimoja
Ninaunga mkono hayo, ila mafuta ya moto sikubaliani nayo kwa paja lenye ngozi. Mimi huanza na kikaango baridi: kijiko kimoja cha mafuta, vipande vinne visivyogusana, ngozi chini, ndipo ninawasha moto wa wastani. Chini ya ngozi kuna mafuta mengi yanayohitaji muda wa kuyeyuka, na moto mkali huiunguza juu kabla hayajatoka. Juu ya vipande weka sufuria ndogo yenye maji ili ngozi yote iguse chuma, maana sehemu iliyoinuka hubaki nyeupe.

Usiviguse kwa dakika 15 hadi 20. Sikiliza: mwanzoni kuna kelele za maji yanayoruka, kisha mlio hutulia na kuwa mwembamba. Ukijaribu kuinua kipande na bado kimeshika, hakijawa tayari, kwa sababu ngozi iliyokauka huachia yenyewe. Geuza, mpe dakika nyingine kumi, na kama una kipimajoto, nyuzi 74 karibu na mfupa zinatosha kuondoa hofu ya damu.

Mama Vitumbua
Mwanangu, hayo yote ni ya kuku wa kisasa. Siku ukinunua wa kienyeji, usimpeleke kikaangoni mbichi, kwani ngozi itaungua huku nyama ikiwa bado inavutana na meno. Huyo mchemshe kwanza mpaka alainike, mwache apoe na akauke kabisa, kisha mkaange. Na hicho kitunguu saumu kifute kabla ya kupika, kwa sababu kikiungua huacha uchungu usiotoka.

Mgeni wa Kikaango
Ninawashukuru, na kwako Mama, shikamoo. Jumamosi nilifuata kila hatua, na kwa mara ya kwanza kipande kiliachia bila kuchanika. Nilipokigonga kwa uma, kililia kama mkate wa kukausha. Bahati mbaya wageni walichelewa, nikawahifadhia kuku kwenye hotipoti, na baada ya nusu saa ngozi ilikuwa imerudi kuwa mpira.

Mama Vitumbua
Marahaba. Hotipoti inafungia mvuke ndani, na mvuke ukikosa pa kutokea hurudi kwenye ngozi. Mwache juu ya waya, ngozi juu, bila kufunikwa, wala usimweke kwenye sahani tambarare, kwani atajitolea jasho kwa chini. Wageni wakibisha hodi, mrudishe kikaangoni, ngozi chini, kwa dakika mbili au tatu. Mchuzi wa ukwaju uweke kwenye bakuli pembeni, kila mtu achovye mwenyewe.