Orodha ya wanajeshi wa zamani wasio na makazi Marekani: ikae kaunti au VA?

Mtunza Daftari
Naweka hoja mezani. Marekani ina voucha zaidi ya 100,000 za kuwapangishia nyumba wanajeshi wa zamani kupitia mpango wa HUD-VASH, unaoendeshwa na wizara ya nyumba (HUD) pamoja na Idara ya Wanajeshi wa Zamani (VA). Hesabu ya usiku mmoja ya Januari 2010 iliwakuta zaidi ya 74,000 bila makazi. Ya 2024 ikawakuta 32,882. Mpango unafanya kazi, hilo silipingi. Ninalolipinga ni mlango wa kuingilia. Kwa kawaida anayeandika rufaa ya voucha, yaani kupeleka jina la mtu ili apewe, ni kituo cha afya cha VA. Mamlaka ya nyumba ya mji inapokea jina, inatoa voucha na kumlipa mwenye nyumba, na mpangaji anachangia karibu 30% ya kipato chake. Kaunti ndiyo yenye malazi ya dharura, maafisa wanaozunguka mitaani, jela na zahanati, yaani kila mahali huyu mtu anapoonekana kwanza, lakini kwenye rufaa haina kauli. Nasema orodha ya majina ikae kaunti, na kaunti ndiyo iamue nani anafuata. Anayepinga aseme.

Faili Kamili
Napinga, mkuu. Voucha hii si hela ya kodi peke yake, inakuja na msimamizi wa kesi wa VA. Wasimamizi wakipungua, rufaa zinasimama hata kama voucha zimejaa kabatini. Kaunti ikipeleka majina 60 kwa mwezi kwenye ofisi yenye nafasi 15, imehamisha foleni tu, haijaipunguza.

Halafu kuna kustahiki. Nani atathibitisha kwamba mtu kweli alikuwa jeshini? Cheti cha kuachishwa, DD-214, wengi wa mitaani wameshakipoteza. Nakala zinaombwa kwenye hifadhi ya kumbukumbu huko St. Louis, na moto wa 1973 uliteketeza mamilioni ya mafaili hapo, hasa ya waliotoka jeshi la nchi kavu kati ya 1912 na 1960. Kaunti haiwezi kumweka mtu kwenye orodha kwa maneno matupu.

Mtunza Daftari
Ndugu, hoja ya cheti imepitwa na wakati. VA yenyewe ina chombo cha mtandaoni, SQUARES, ambacho mashirika ya nje yanaruhusiwa kukitumia. Unaweka jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya hifadhi ya jamii, jibu linakuja mara moja au baada ya muda mfupi. Hicho ndicho cha kuanzia. DD-214 iombwe sambamba, isiwe sharti la kumwandika mtu.

Na jambo ambalo maafisa wengi wa malazi bado wanalikosea: aliyeachishwa kwa hadhi iliyo chini ya heshima (si ile mbaya kabisa ya mahakama ya kijeshi) anaweza kupata HUD-VASH tangu sheria ya Januari 2021. Bado anaambiwa dirishani "wewe hustahiki", anaondoka, na jina lake haliandikwi popote. Haonekani hata kwenye takwimu za waliokataliwa.

Bi Takwimu
Mnagombania nani ashike orodha kana kwamba orodha ni moja. Ziko mbili. Mashirika ya mji yanaandika kwenye mfumo wa kompyuta uitwao HMIS, VA inaandika kwenye wake, HOMES, na mifumo hiyo haizungumzi. Matokeo yake tunayajua: Robert kwenye mmoja ni Bob kwenye mwingine, tarehe ya kuzaliwa imegeuzwa siku na mwezi, mtu yuko jela tangu Novemba lakini upande mmoja bado anahesabiwa yuko mtaani. Ukiziunganisha bila kusafisha unapata watu wengi kuliko waliopo, na ukiwafuta ovyo unampoteza mtu halisi.

Kinachofanya kazi ni kazi ya mikono, ya kuchosha. Kila wiki, saa moja, mezani wawepo VA, kaunti, mamlaka ya nyumba na shirika lenye fedha za SSVF, ruzuku ya VA ya kuwasaidia wanajeshi wa zamani kuingia kwenye nyumba. Orodha inasomwa jina kwa jina. Kila jina lina safu tano: amethibitishwa na nani, yuko wapi leo, anasubiri karatasi gani, nani anaifuatilia, tarehe ya mwisho. Safu ya nne lazima iwe na jina la mtu. Ikiandikwa "VA" au "kaunti", wiki ijayo itasomwa vilevile.

Kabla ya hapo kuna ridhaa. VA haiwezi kutaja habari za afya za mtu mbele ya meza hiyo bila yeye kusaini fomu 10-5345. Asainishwe siku ya kwanza anapoonekana, na fomu itaje mashirika yote ya mezani. Ikitaja moja tu, mtamtafuta tena chini ya daraja kwa ajili ya sahihi ya pili.

Dalali Mstaarabu
Nyote mnazungumzia ofisi. Twendeni kwenye mlango wa nyumba, maana huko ndiko voucha zinakofia.

Voucha hii inampa mtu siku zisizopungua 120 za kutafuta, mara mbili ya siku 60 za voucha ya kawaida. Siku zinaonekana nyingi. Mwenye nyumba anaulizwa kama anapokea voucha, anakubali, ndipo maombi yanapelekwa mamlaka ya nyumba na mkaguzi anapangwa. Mkaguzi anakuta king'ora cha moshi hakina betri, soketi ya karibu na sinki haina kinga ya kukata umeme, dirisha la chini halifungi, rangi inabanduka kwenye jengo la kabla ya 1978 (hapo inaingia hofu ya madini ya risasi, sumu iliyokuwa kwenye rangi za zamani). Hakuna hata kimoja kikubwa, mengine ni kazi ya bisibisi na nusu saa. Ila ukaguzi wa marudio unapangwa upya, na wakati huo chumba kiko wazi bila kodi. Mwenye nyumba anampa mpangaji mwingine. Ukiniuliza mimi, simlaumu.

Dawa ipo: kanuni za HUD-VASH zinaruhusu nyumba ikaguliwe kabla mpangaji hajapatikana, na akiichagua ndani ya siku 45 ukaguzi ule unahesabika. Mji uwe na akiba ya vyumba vilivyokwisha pita ukaguzi, na mfuko mdogo wa kuwalipa wenye nyumba kodi ya siku za kusubiri. Amana italipwa na SSVF, lakini mwulize mapema hundi inatoka siku gani ya wiki. Funguo zimewahi kukwama Ijumaa kwa sababu hundi husainiwa Jumatano. Hapo kaunti ingefaa kuliko kushika orodha.

Mtaa wa Pili
Na mama mwenye watoto wanne, aliye kwenye foleni ya mamlaka hiyohiyo ya nyumba miaka kadhaa? Naye tumwambie akajiunge na jeshi?

Faili Kamili
Dada, swali ni la haki, lakini fungu ni tofauti. Bunge la Marekani linatenga HUD-VASH peke yake. Mamlaka ya nyumba haiwezi kuichukua ikampa mama huyo. Wanapogombana kweli ni kwenye vyumba, kwa sababu vyumba ni vilevile.

Uingereza walichagua njia nyingine. Kanuni za 2012 ziliwazuia viongozi wa halmashauri za England kumtaka aliyetoka jeshini ndani ya miaka 5 athibitishe kwamba ana asili au makazi katika mji huo ndipo aingie kwenye foleni ya nyumba za umma. Foleni ni moja kwa wote, wameondolewa kikwazo tu. Huko ndiko hoja yako ina nguvu zaidi, maana wanasubiri nyumba zilezile mlango uleule.

Bi Takwimu
Niongeze kwenye vyumba, kwa sababu hapa mji una kosa lake. Mji unatoa kiwanja, unajenga kwa ajili ya wanajeshi wa zamani, kisha unaweka sharti kwamba kipato kisizidi 30% ya kipato cha kati cha eneo. Aliyelemazwa vibaya vitani analipwa fidia kamili ya ulemavu. Fidia ikihesabiwa kama kipato, anavuka kiwango. Anakataliwa kwenye jengo lililojengwa kwa jina lake, kwa sababu ameumia sana. Agosti 2024 HUD ilibadilisha masharti: kiwango cha kuingia kwenye HUD-VASH kikawa 80%, na fidia hiyo ikaondolewa kwenye kipimo cha kustahiki, ingawa bado inahesabiwa anapopangiwa kodi. Lakini sharti ambalo mji umeliandika wenyewe kwenye mkataba wa ardhi halifutiki kwa tangazo la HUD. Lirekebishwe na halmashauri iliyoliandika.

Mtunza Daftari
Basi nipunguze dai langu. Rufaa ibaki VA pale wasimamizi wanapokuwa wa kutosha. Wanapopungua, kanuni zinairuhusu VA imteue mtoa huduma mwingine apeleke majina na kusimamia kesi. Kaunti iombe nafasi hiyo, kwa mkataba na idadi ya watu iliyotajwa.

Faili Kamili
Hapo tunakaribiana, kwa masharti mawili. Maafisa ustawi wa jamii wa kaunti wawe wameajiriwa kabla ya jina la kwanza kupelekwa; "nafasi zimetangazwa" haitoshi. Na mkataba useme wazi nani anapigiwa simu saa nane usiku mpangaji anapozidiwa, kwa sababu mwenye nyumba atapiga namba moja tu, na isipopokelewa anaita polisi.

Dalali Mstaarabu
Namba hiyo ibandikwe ndani ya mkataba wa kupanga, ukurasa wa kwanza.