Nimeikimbia The Exorcist miaka mingi, nimeitazama juzi na sikuogopa. Niirudie?

Mleta uzi:
Wakuu, naombeni ushauri.

Filamu hii ilitoka mwishoni mwa 1973, na mimi naikwepa tangu utotoni. Kaka yangu alinisimulia yote: binti wa miaka 12 aliyepagawa, kichwa kinachogeuka mpaka nyuma, matapishi ya kijani. Kwa simulizi ile tu nililala na taa inawaka wiki nzima.

Juzi usiku nikajikaza. Kichwa kikageuka, mimi nimetulia tu. Nilishaiona picha ile mara nyingi mno.

Kilichonishinda ni kitu ambacho hakuna aliyewahi kunisimulia: pale hospitali, kabla hata padri hajaitwa. Mtoto kalazwa chali, anachomwa sindano shingoni, damu inaruka, kisha mashine ya picha inaanza kugonga kama mtu anayepigilia misumari ukutani. Nilisimamisha filamu nikaenda kunywa maji.

Je, nimechelewa mno? Niirudie au niachane nayo? Na kama ni kurudia, niangalie ya zamani au ile iliyorefushwa ya 2000?

Sikio Macho:
Hujachelewa, mkuu. Hofu ya vile vipande uliimaliza utotoni, kwa mdomo wa kaka yako. Sasa irudie kwa masikio. Vaa hedifoni, zima taa, simu iache chumba kingine. Fuatilia ile mikwaruzo ya darini mwanzoni, wakati bado hakuna chochote kilichotokea. Sauti ya pepo ni ya Mercedes McCambridge, mwanamke, ingawa ukiisikia huwezi kudhani. Filamu ilipata Oscar mbili, na moja ni ya sauti.

Mama wa Wawili:
Mimi niliitazama nikiwa msichana, nikaona ya kawaida. Nikairudia baada ya mwanangu kutoka kulazwa, sikuweza kuimaliza kwa siku moja. Yule mama hana dini, anahangaika kwa madaktari, kila kipimo kinarudi safi na mtoto anazidi kuharibika. Mwisho madaktari wenyewe ndio wanaomtajia habari ya kutoa pepo! Tazama uso wa Ellen Burstyn, anayeigiza yule mama, pale mezani. Ulichokiona hospitali ndicho kiini cha filamu, usijilaumu kwa kutoogopa mengine.

Kanda ya Zamani:
Anza na ya 1973, dakika 122. Ya 2000 imeongezewa kama dakika 10, pamoja na binti kushuka ngazi kinyumenyume kama buibui, na sura za pepo zilizopachikwa hapa na pale. Kwangu zinaharibu utulivu wake.

Sikio Macho:
Hapo sikubaliani nawe kabisa. Ya 2000 ina maneno ya mapadri wawili wakiwa wamekaa kwenye ngazi, mmoja anauliza kwa nini iwe binti huyu. Kwenye ya zamani wamekaa kimya. Maneno yale nayapenda sana. Na ule mvuke midomoni mwao chumbani ni pumzi ya kweli, chumba kilipoozwa mpaka chini ya nyuzi sifuri.

Mleta uzi:
Asanteni sana. Nitaanza na ya 1973, taa zimezimwa, nikimfuata yule mama. Ya ngazini nitaitafuta baadaye. Mama wa Wawili, samahani kwa kuuliza, mtoto aliendeleaje?

Mama wa Wawili:
Alipona, namshukuru Mungu. Sasa hivi ananizidi urefu.