Viumbe wanaohisi sumaku: wataongea vipi?

Mtunzi_Usiku: Habari wakuu. Naandika hadithi ya viumbe wenye akili, vipofu, wanaoishi chini ya ardhi na kuhisi sumaku. Nataka waongee kwa sumaku tupu, kijiji hadi kijiji, bila sauti. Inaingia akilini?

FundiKoili: Kijiji hadi kijiji, hapana. Mimi kazi yangu kusuka mota, hii sumaku naijua. Ukiongeza umbali mara mbili, nguvu ya sumaku ndogo inabaki sehemu moja ya nane. Uga wa Dunia yenyewe, yaani nguvu ya sumaku iliyotuzunguka, ni mikrotesla (kipimo cha nguvu hiyo) 25 hadi 65 tu, na unatoka kwenye chuma kilichoyeyuka kilomita 2,900 chini yetu! Kiumbe wako ana nini tumboni cha kushindana na huo? Wakiwa pua kwa pua wanong'onezane, sawa. Umbea wa kijiji cha pili waufuate kwa miguu.

Kinachowafaa ni kujua uelekeo. Kuna fuko wa Zambia, macho yao kama hayapo. Wakiwekwa gizani kwenye uwanja wa duara, hupenda kujenga kiota kusini-mashariki. Watafiti wakageuza uga kwa koili (nilicheka, koili tena!), na viota vikahamia upande mwingine.

binti_kilwa: Ila mkuu amua kwanza ni hisia ipi. Fuko hutofautisha kaskazini na kusini kama dira ya nahodha. Robini, yule kindege wa Ulaya, hawezi. Yeye husoma jinsi mistari ya sumaku inavyoinama kuelekea ardhini. Sasa maeneo ya Addis Ababa mistari hiyo imelala karibu sambamba na ardhi, kwa hiyo dira ya robini pale haina cha kusoma. Mimi ningewapa hiyo ya robini, halafu ukanda ule niufanye mahali pa kutupia wahalifu.

Mtunzi_Usiku: Dah! Unahukumiwa kwenda mahali ambapo hujui kwenu ni upande gani. Naichukua.

FundiKoili: Taratibu. Dira ya robini inafanya kazi jichoni na inataka mwanga. Vipofu wako hawaipati.

Mtunzi_Usiku: Basi nawapa macho, na jioni watoke nje. Mwanga hafifu unatosha?

binti_kilwa: Unatosha, bora usiwe mwekundu mtupu. Robini kwenye mwanga mwekundu hupotea.