Kebo nimeishika MKONONI, mfumo wao unasema kijani! Hawa jamaa wana matatizo gani?

Fundi_Asiyelala (mleta mada)

Wakuu, naandika mikono bado inatetemeka. Sio woga, ni hasira.

Mnawajua hawa wauzaji wa mfumo wa kufuatilia mtandao, ule wa kuonyesha kijani kifaa kikiwa hai na jekundu kikifa. Sina haja ya kuwataja, maana kama unahudumia mtandao wa vifaa zaidi ya elfu moja wameshakupigia simu. Wale wa slaidi mia na arobaini. Wale ambao kila sentensi lazima iwe na "akili bandia" ndani yake. Wale wa dashibodi yenye ramani inayozunguka, sijui inazunguka kwenda wapi. Ndio haohao.

Leo ni wiki ya tatu ya majaribio. Tumewapa wafuatilie swichi (visanduku vinavyounganisha kompyuta na mtandao), ruta, fayawoli (kizuizi cha usalama wa mtandao), seva, mpaka printa. Leo ndio siku ya kuonyesha mbele ya wakubwa: mzee wetu wa idara kakaa mbele, mkurugenzi wa fedha pembeni yake. Injinia wao kavaa viatu vinavyong'aa kuliko taa za swichi. Nusu saa anahubiri. "Mfumo wetu unaona tatizo kabla halijatokea." KABLA HALIJATOKEA. Kama mganga!

Nikanyoosha mkono, nikasema mzee naomba tufanye jaribio dogo. Mzee akasema fanya. Chumba cha seva kipo hapohapo nyuma ya kioo. Nikaingia, nikachukua kile kipande cha fiba (kebo ya mwanga) kinachounganisha swichi kuu na ghorofa ya nne, nikakichomoa ncha zote mbili, nikarudi nacho kwenye kikao. Kinaning'inia mkononi kama nyoka aliyekufa.

Skrini: KIJANI.

Wakuu, kebo nimeishika. Mkononi. Kijani.

Injinia akaniangalia, akaangalia skrini, akaniambia mbele ya mzee, maneno haya haya: "Kijana, mfumo haudanganyi. Hiyo kebo uliyoshika itakuwa sio yenyewe."

ITAKUWA SIO YENYEWE. Kebo niliyoilaza mimi! Lebo niliyobandika mimi, mwandiko wangu! Watu wa ghorofa ya nne wameshaanza kushuka ngazi wanauliza mtandao umekwenda wapi, simu za mezani zimekufa, na jamaa kasimama anamweleza mzee kwamba mimi sijui kebo zangu. Na mzee AKANIANGALIA. Yale macho.

Dakika 11. Nimehesabu kwa saa ya ukutani. Baada ya dakika 11 kaduara kamoja kakawa ka njano. Sio jekundu, njano. "Kuna dalili za hitilafu ndogo." Na slaidi yake inaahidi upatikanaji wa asilimia 99.999, yaani kwa mwaka mzima mtandao usikatike zaidi ya dakika 5 na sekunde kidogo. Mimi nimesimama na kebo mkononi nikamaliza dakika za miaka miwili!

Kuhusu bei yao na leseni zao sitaki hata kuanza. Nataka kusema jambo moja tu. NILIKUWA NIMEISHIKA.

Pakiti_Iliyopotea

Nimevuta kiti. Endeleeni.

Mama_wa_Swichi

"Hiyo kebo uliyoshika itakuwa sio yenyewe" 😂😂😂 hii naiandika ukutani kwetu.

BwanaPingi

Pole mkuu, ila sasa ngoja nikuulize kitaalamu. Umekata njia pekee ya ile swichi, halafu unategemea ile swichi ikuambie kwamba imekatwa? Trapu (ujumbe ambao kifaa kinatuma chenyewe kikipata shida) inapita UDP poti namba 162, na UDP (njia ya kutuma data) haina habari ya kuuliza kama umepokea. Umemziba mtu mdomo halafu unamlaumu hakupiga kelele.

Fundi_Asiyelala

BwanaPingi wewe ni mmoja wao? Kiatu chako kinang'aa?

Mzee_wa_Ruta

BwanaPingi umesema nusu. Kebo ina pande mbili. Swichi kuu ilikuwa hai, poti yake (tundu la kuchomeka kebo) ikalala, ilitakiwa itume trapu palepale. Kama haikufika, basi ama swichi kuu haijaambiwa imtumie nani, ama fayawoli imezuia 162, ama mfumo hausikilizi kabisa. Moja kati ya hayo matatu. Na mawili ya kwanza ni kazi ya mleta mada, samahani kijana wangu.

Halafu hizo dakika 11 zinaniambia kitu. Mfumo ulikuwa unauliza vifaa kila dakika 5, na umepangwa ukose jibu mara mbili ndipo useme. Tano na tano kumi, ongeza muda wa kungoja majibu. Hayo ni mapangilio ya kiwandani. Wiki tatu za majaribio hakuna aliyeyagusa?

Fundi_Asiyelala

Shikamoo mzee. Nimekuelewa, lakini kama mfumo haujui, si useme haujui? Weka kijivu! Weka alama ya kuuliza! Hali ya dakika nne zilizopita unaipaka kijani kama vile ni ya sasa hivi, halafu unamwita mwenye kebo mwongo? Ningekuwa sijaishika ningenyamaza. NILIISHIKA mzee.

Mzee_wa_Ruta

Marahaba. Hapo kwenye kijivu uko sahihi kabisa. Mimi nimeanza na MRTG, programu ya kuchora grafu za mtandao, ile aliyoitoa Tobias Oetiker mwaka 1995. Kijani kilikuwa kinachoingia, mstari wa bluu kinachotoka, kila dakika 5 picha inajichora. Ilikuwa haijui mengi na haikujifanya inajua.

Kimya_Kimya

Swali la kijinga. Ghorofa nzima inategemea kebo moja? Kampuni kubwa hiyo? Linki ya pili iko wapi?

Fundi_Asiyelala

Ya pili ilikufa mwezi uliopita, tunasubiri moduli (kipande cha kuchomekea fiba). Haihusiani na mada.

Mama_wa_Swichi

WEEEE 😂😂 Linki imekufa mwezi mzima, na wewe ndiye unayetathmini mfumo wa kuonyesha vilivyokufa!

Pakiti_Iliyopotea

Injinia alikuwa sahihi basi. Kebo yenyewe ilishakufa mwezi uliopita, hiyo aliyoshika ni ndugu yake.

Kimya_Kimya

Na ukazima ghorofa saa za kazi, watu wako kwenye simu, ili umkomoe muuzaji. Mzee alikuangalia kwa hilo ndugu yangu, sio kwa lile la kebo.

Fundi_Asiyelala

MZEE ALIRUHUSU. Someni kabla ya kucheka. Na sikumkomoa mtu, nilifanya alichotakiwa kufanya yeye mwenyewe. Ukiuza mbwa mlinzi unamleta mwizi, huleti picha ya mbwa.

Dada_Bafa

Nyie mnalilia kijani, sisi tungeomba hata hicho kijani. Wa kwetu (nadhani ni haohao, wana ile ramani inayozunguka) tumewanunua kabisa. Ruta moja ya tawi ikianguka, kila kilichoko nyuma yake kinapiga kelele kivyake. Swichi inalia, vifaa vya Wi-Fi vinalia, kamera zinalia, printa inalia. Juzi usiku nimepokea alamu 2,600 kwa ajili ya tatizo MOJA la umeme. Simu ilikuwa inatembea yenyewe juu ya meza. Nikaizima. Asubuhi naambiwa kulikuwa na tatizo la pili, la kweli, limo humohumo katikati ya zile 2,600.

Ukiwauliza wanakuambia kuna sehemu ya kupanga nani anategemea nani. Ipo. Kwa mkono. Kifaa kimoja kimoja. Vifaa elfu nne.

BwanaPingi

Dada hiyo ni kweli inauma. Mfumo unaojua ramani yake ungenyamazisha watoto mama akianguka. Ndiyo kitu cha kwanza cha kupima, sio rangi.

Sensa_na_Makazi

Tuongee leseni sasa maana mleta mada kaogopa. Walituambia bei "kwa kifaa". Nzuri. Tukahesabu vifaa, tukapeleka bajeti, ikapita. Ankara inakuja, kumbe kifaa sio swichi, kifaa ni KILA POTI. Swichi ya poti 48 ni leseni 48, hata zile ambazo hazijachomekwa kitu tangu dunia iumbwe. Halafu feni leseni yake, kipoozi leseni yake, joto leseni yake. Tumelipia joto! Hiyo sio leseni tena, hiyo ni sensa.

Pakiti_Iliyopotea

Jina lako sasa nimelielewa.

Dada_Bafa

Sisi tulipobana tukaambiwa tuzime ufuatiliaji wa poti "zisizo na umuhimu". Basi ikifa hiyo isiyo na umuhimu ndiyo yenye kompyuta ya mkurugenzi.

Mzee_wa_Ruta

Mkiwa kwenye pesa ulizeni pia kaunta, yaani namba ndani ya kifaa inayohesabu data iliyopita. Kuna mfumo nimeujaribu mwaka jana, wa watu wengine, unasoma kaunta za biti 32 kwenye linki ya gigabiti 10. Kaunta ya biti 32 inajaa ikifika baiti 4,294,967,296 kisha inaanza sifuri. Kwenye gigabiti 10 iliyojaa inazunguka kila sekunde 3.4 hivi. Wewe unaisoma kila dakika 5. Imeshazunguka mara themanini na ushei hapo katikati, mfumo unaona mzunguko mmoja. Grafu inachora mlima mdogo mzuri wa kupendeza, na hauna ukweli hata chembe. Za biti 64 zipo kwenye vifaa miaka mingi tu, ni kuziomba.

Kimya_Kimya

Mzee wetu sisi alinunua kwa sababu ya hiyo milima. Kaitundika kwenye skrini kubwa mapokezi. Wageni wanapiga nayo picha.

Fundi_Asiyelala

Jamani turudi kwenye kebo. Mimi nilikuwa nimeishika na mtu ananiambia

Mama_wa_Swichi

Tumeelewa uliishika.

Ufunguo_wa_Mlango

Hakuna aliyeuliza la usalama? Wa kwetu walipokuja walitaka tutumie SNMP (lugha ambayo mfumo unatumia kuviuliza vifaa hali yake) toleo la v2c, neno la siri "public". Nikawauliza v3 je? "Inafanyiwa kazi." SNMP ipo tangu 1988, v3 imekuwa kiwango kamili tangu 2002. Inafanyiwa kazi na nani, na kwa nyundo gani? Kwenye v2c hilo neno la siri linasafiri wazi, mwenye kusikiliza njiani analisoma kama bango. Mwishowe wakaomba nywila za kuandika kwenye vifaa vyote, "ili mfumo ujiponye wenyewe". Nikawaonyesha mlango.

BwanaPingi

Safi. Wa kusoma asome tu, asipewe kalamu.

Raki_ya_Kona

Mnanunua nunua wakati Zabbix, mfumo wa kufuatilia mtandao, ipo bure.

Dada_Bafa

Haya, kaja.

Sensa_na_Makazi

Bure kama mtoto wa mbwa. Nani analisha? Sisi tulikuwa nayo, ilifanya kazi vizuri mpaka kijana aliyeijenga alipoacha kazi. Templeti (mapangilio ya kila aina ya kifaa) zote kichwani mwake. Sasa hivi tunaipita pembeni kwa heshima, hakuna anayeigusa.

Raki_ya_Kona

Hilo ni tatizo lenu la kutoandika, sio la Zabbix.

Sensa_na_Makazi

Na wewe umeandika yako?

Raki_ya_Kona

Nitaandika.

Mama_wa_Swichi

😂😂😂

Kimya_Kimya

Mleta mada, kwani mmeamuaje? Mmewafukuza?

Fundi_Asiyelala

Tumesaini. Miaka mitatu. Mkurugenzi wa fedha kasema kile kikao kimemvutia, hasa ile ramani. Na mimi ndiye nimepangwa kuwasaidia kufunga mfumo kuanzia Jumatatu, na yule yule injinia.

Pakiti_Iliyopotea

Mwambie asisahau kuleta kebo yenyewe.

Mzee_wa_Ruta

Jumatatu anza na poti 162 kijana. Kabla ya yote.

Raki_ya_Kona

Tukiwa bado kwenye kebo, mimi kuna mtu kaazima kebo yangu ya konsoli (ya kuunganisha kompyuta na swichi moja kwa moja ili kuipanga), ile ya bluu, tangu mwezi wa pili. Kila nikimuuliza, "ipo kwenye gari". Ipo kwenye gari miezi yote hii?

Dada_Bafa

Usiniambie kebo ya konsoli! Mimi nimenunua tano kwa pesa yangu, leo sina hata moja. Nikiitafuta naambiwa "si ulikuwa nayo wewe".

BwanaPingi

Andikeni majina.

Dada_Bafa

Niliandika. Nimeikuta idara nyingine ina jina LANGU na mtu anaitumia huku ananisalimia.

Mama_wa_Swichi

Kwetu kuna bwana anajifungia nayo kwenye droo, akienda likizo anaondoka na ufunguo. Wiki mbili tunaangalia swichi mpya ikiwa kwenye boksi.

Ufunguo_wa_Mlango

Za USB au zile za zamani za pini tisa?

Raki_ya_Kona

Pini tisa, na kiunganishi chake. Ndio maana inauma. Ile ilikuwa haikatai kifaa.

Fundi_Asiyelala

Ya kwangu pia ni pini tisa, ina utepe mwekundu karibu na kichwa. Aliichukua mtu wa ghorofa ya nne. Kama yumo humu airudishe, Jumatatu naihitaji.