Hiace ya kulala ndani: fundi amenipa orodha ndefu, nianze na kipi?

Mama wa Kisasa (Dodoma)

Habari za jioni ndugu zangu. Mume wangu kanunua Hiace ya dizeli, ile ndefu yenye dari la juu. Ilikuwa daladala, bado ina namba nyeupe na harufu ya abiria. Anasema amechoka kulipa gesti kila tukienda kwa wazazi Kondoa, na watoto wameshaahidiwa kupelekwa kwenye maziwa ya Singida likizo ya Juni. Mwakani anataka tupite Mtera mpaka Iringa, tuingie Ruaha. Mwanzoni nilimcheka, sasa mimi ndiye ninayekosa usingizi kwa ajili ya gari.

Shida ni fundi. Tumepata fundi wa kuchomelea, mtu mzuri, ila orodha yake inanitisha. Tangi la maji lita 200 juu ya keria. Betri nne za sola, zile nzito. Friji ndogo ya dukani pamoja na inveta ya wati 3000 ya kuiendesha. Makabati ya MDF pande zote mbili, kitanda cha chuma, mtungi wa gesi wa kilo 15 chini ya kitanda, na choo cha kukaa nyuma. Anasema tukikamilisha tutakuwa na nyumba kamili.

Tuko wanne, mdogo ana miaka minne. Fedha zipo kidogo, haziwezi kufanya yote kwa mpigo. Mngekuwa nyie mngeanza na kipi? Na trafiki hawatatusumbua kwa kutoa viti? Na tukishafika huko, tunalala wapi bila kugongewa dirisha saa nane usiku?

---

Mzee wa Nyang'oro

Hongera kwa gari, Mama. Nimeendesha malori ya watalii, yale yenye jiko ubavuni na mahema nyuma, miaka mingi kati ya Arusha na Iringa, na hapo kwenu ndipo tulipokuwa tunanunua mkate. Siku hizi nina Hiace yangu mwenyewe ya kulala. Nimeisoma orodha ya fundi wako mara mbili. Hakuna kitu ndani yake ambacho ni cha kipumbavu kikiwa peke yake, ila vikikaa pamoja vinavunja gari.

Kabla hujanunua hata skrubu, lipeleke gari kwenye mzani. Maghala makubwa ya nafaka yana mizani ya malori, ukiomba vizuri na kulipa kidogo wanakupimia. Ukienda Kibaigwa siku isiyo na foleni ya malori ni jambo la dakika chache. Pima likiwa tupu, tangi la mafuta limejaa, nyie wawili mmekaa mbele. Namba hiyo itoe kwenye uzito wa juu ulioruhusiwa na mtengenezaji. Kinachobaki ndicho ulicho nacho kwa kila kitu: watoto, maji, kitanda, masufuria, na lile gunia la mahindi ambalo wakwe watakupakilia Kondoa hata ukikataa.

Sasa hesabu na fundi wako. Lita 200 za maji ni kilo 200, hakuna mjadala. Betri nne za asidi, kila moja karibu kilo 30, ni 120. Ubao mmoja mzima wa MDF wa milimita 18 unakaribia kilo 40, na makabati ya pande mbili yatakula mbao kadhaa. Mtungi wa kilo 15 ukijaa, pamoja na chuma chake, ni kama kilo 30. Bado hatujapandisha mtu.

Na yale maji yako juu ya keria! Ukitoka Dodoma kwenda Manyoni uwanda uko wazi, upepo wa Julai na Agosti unakupiga ubavuni, halafu lori linakupita. Gari refu lenye kilo 200 zinazochezacheza juu ya dari utalishika usukani kwa mikono miwili na dua. Maji yawekwe chini, katikati ya matairi ya mbele na ya nyuma, lita 40 hadi 60 kwenye madumu mawili au matatu yaliyofungwa mikanda. Njia zote ulizotaja zina miji ya kujazia.

Fedha yako ya kwanza iende chini ya gari.

Tairi: nunua mpya zenye herufi C mwishoni mwa saizi, ndizo za gari la mzigo. Usikubali tairi za saluni eti zinaingia. Soma namba nne zilizochongwa ubavuni: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka, yaani 3521 ilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2021. Gari la kulala linasimama sana juani, hivyo raba inapasuka kabla kashata hazijaisha. Ikifika miaka sita kuwa na wasiwasi nayo hata kama inang'aa.

Breki: badilisha mafuta yote ya breki, maana yanafyonza unyevu hewani, na yakichemka kwenye mteremko pedali inazama. Ukitoka Kondoa kwenda Babati kuna kona za Bereko, na ukienda Iringa ukishavuka bwawa la Mtera unakutana na Nyang'oro (jina langu humu halikutoka hewani). Shuka kwa gia uliyopandia. Kama ni otomatiki, toa kwenye D uweke gia ya chini kabla mteremko haujaanza. Ukisikia harufu ya kuungua, simama pembeni nusu saa, na usimwagie rimu maji.

Rejeta: maji ya Dodoma yana chumvi na madini, birika lako jikoni linajua. Dereva wa daladala alikuwa anajazia maji ya bomba kila asubuhi, kwa hiyo ndani mna ukoko. Isafishwe, thermostati (kidhibiti joto cha injini) iangaliwe kama bado ipo (wengine huitoa), kisha ujaze kuleanti (maji maalumu ya rejeta) kamili. Injini ya Hiace iko chini ya viti vya mbele. Ikichemka, mtaijua kwa makalio.

Haya yakikamilika, tupeni godoro sakafuni, fungeni mapazia, mwende Kondoa mlale usiku mmoja au miwili kabla fundi hajachomelea chochote. Mtarudi mnajua nani anaamka usiku, mlango upi unagonga, joto linaingilia wapi. Nimeona watu wanajenga jiko zuri kabisa ndani kisha wanapika nje siku zote, maana nani anakaanga samaki kwenye chumba anacholala?

Kuhusu trafiki: kadi ya gari imeandikwa aina ya bodi, idadi ya viti na matumizi. Ukibadilisha, nendeni TRA mkabadilishe na kadi, gari likaguliwe, mpate namba za njano za gari binafsi. Mwambieni na wa bima kwa maandishi. Mkipata ajali na kadi inasema ni basi la abiria, mtajibizana naye mpaka mchoke. Na viti viwili vya watoto vyenye mikanda vibaki vimefungwa kwenye sakafu yenyewe. Mtoto halali kitandani gari likitembea, hata kama ni kilomita kumi. Mengine ni yale yale: mtungi wa kuzimia moto, pembetatu mbili, na mwendo wa 50 vijijini. Barabara ya Kondoa ni lami nzuri, na palipo na lami nzuri pana tochi za trafiki za kupima mwendo.

---

Jua la Manyoni

Mzee kamaliza ya chini, mimi nafunga sola kwa hiyo nitasema ya umeme tu.

Friji ya dukani iache dukani. Kompresa yake ikiwaka inavuta mara kadhaa ya wati zilizoandikwa, ndiyo maana fundi anataka inveta ya 3000, na inveta kubwa inakula umeme hata kama hakuna kilichochomekwa. Nunua friji ya kompresa ya volti 12, lita 40 zinawatosha. Bei yake ni kubwa, ila unaokoa inveta na betri mbili.

Hesabu ya joto la Dodoma: friji hiyo itakula kama wati-saa 400 hadi 600 kwa siku. Taa, simu na feni ndogo weka 150. Betri ya asidi ya volti 12 na 100Ah (ampea-saa 100) ina wati-saa 1200, lakini ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara unaiua, kwa hiyo unayo 600 ya kweli. Lithiamu ya 100Ah, ile ya chuma na fosfeti, unatumia karibu yote na ina kilo 12 hivi. Moja ya lithiamu inafanya kazi ya mbili za asidi. Usiiweke karibu na injini, hazipendi joto.

Paneli ya wati 200 kwa jua letu la kiangazi inaleta wati-saa 800 hadi 1000 kwa siku ikiwa safi na haina kivuli. Iinue sentimita nne tano kutoka kwenye dari ili hewa ipite chini, maana paneli ikichemka inazalisha kidogo. Vumbi lipangusie asubuhi.

Kuchaji kutoka kwenye injini, usikubali waya wa moja kwa moja kutoka kwenye alteneta (jenereta ya injini) kwenda kwenye lithiamu. Inavuta bila kikomo na alteneta inaungua. Weka chaja ya betri kwa betri katikati. Na fyuzi ikae karibu kabisa na kichwa cha chanya cha betri. Nimeitwa kwenye gari ambalo fyuzi iliwekwa mwisho wa waya, kwenye taa. Waya ulichubuka kwenye bati katikati ya njia na fyuzi haikujua chochote.

---

Shangazi wa Mtera

Mama Kisasa usiogope, wanaume wakishika spana wanaongea utadhani unajenga meli.

Choo: sisi tuna ndoo yenye mfuniko unaobana, kiti cha plastiki juu, na maranda ya mbao kutoka kwa seremala. Haja ndogo ina dumu lake, ukizitenganisha harufu inapungua kabisa. Mchana mnatumia vyoo vya sheli na hotelini. Kile choo cha kukaa cha fundi kinataka tangi la maji machafu, na utalimwaga wapi?

Kulala: msilale porini peke yenu kwa ushujaa. Mji mdogo wowote una gesti yenye ua na geti. Ongea na meneja, ulipie kulaza gari na kuoga, mlinzi anakuwepo. Misheni nyingi pia wanakubali ukiomba mapema. Mkitaka kijijini, nendeni kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji au mtendaji, mjitambulishe kabla jua halijazama. Akishajua mko kwa nani, hakuna atakayegonga dirisha. Mkishindwa kufika kabla ya giza, ishieni mlipo: ng'ombe na malori yasiyo na taa ndiyo hatari ya usiku huku kwetu.

Msilaze gari kwenye mchanga wa mto mkavu, hata kama ni pazuri na pana kivuli. Mvua ikinyesha milimani usiku, korongo linajaa na kwenu hakujadondoka tone.

Mkienda Kondoa endeleeni na safari mpaka Kolo mkaone michoro ya miambani, iko kwenye Urithi wa Dunia tangu 2006. Ofisi iko pale pale kando ya barabara kuu, mnalipa na mnapewa mwongozaji. Hiace iacheni ofisini. Njia ya kwenda kwenye miamba ni ya mawe na mwisho mnapanda kwa miguu.

Na pazia la wavu wa mbu mlango wa pembeni, hilo ni kabla ya friji.

---

Mama wa Kisasa

Asanteni sana, nimemsomea mume wangu yote kwa sauti. Kwenye mzani amekubali. Kwenye friji amenuna. Fundi naye nimempigia, anasema mtungi wa kilo 15 chini ya kitanda ni salama kwa sababu gesi hupanda juu na dirisha litakuwa wazi. Ni kweli? Na Juni huku kuna baridi, mama mkwe ananishauri niingize jiko la mkaa dakika chache kabla ya kulala, makaa yakishakuwa mekundu.

---

Mzee wa Nyang'oro

Hapana kwa yote mawili, na hapa sitanii.

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inashuka, inakaa sakafuni chini ya kitanda ikisubiri kiberiti, na dirisha la juu haliisaidii kutoka. Nunua mtungi wa kilo 6, usimame wima ndani ya sanduku la bati lililozibwa upande wa chumbani, lenye tundu kubwa sakafuni linalotokea nje ya gari, mbali na ekzosi. Viungo vipake povu la sabuni kila mkibadilisha mtungi. Gari likitembea, mtungi unafungwa. Ila ukiniuliza mimi, pikia nje na mtungi usafiri kwenye sanduku lake.

Mkaa usiingie kabisa, hata ukiwa mwekundu. Unapokuwa mwekundu bila moshi bado unatoa ile hewa ya sumu isiyo na harufu (kaboni monoksaidi), na kwenye chumba kidogo cha bati watu wanne hawaamki. Mwambie mama mkwe kwa adabu. Chukueni blanketi nzito, mzibe sakafu kwa sponji na zulia maana baridi inatoka chini, na mwache madirisha mawili wazi kidogo, pande mbili tofauti.

Ukipata namba ya mzani iweke hapa tuipigie hesabu pamoja. Na mpime mume wako urefu amelala. Mtu mrefu halali kwa upana wa Hiace, na hilo fundi alijue kabla hajakata bomba la kitanda.