Suruali ya kupanda mlima: matundu ya hewa niweke wapi kama mteja anavaa gambuti?

fundi_wa_kasese

Habari zenu wana cherehani, naomba msaada, kuna jambo linanisumbua miezi kadhaa sasa. Nashona hapa Kasese mjini na wateja wangu wengi ni waongozaji na maporta wa Rwenzori, wale wanaopandisha wageni kupitia Nyakalengija na wengine upande wa Kilembe. Wanataka suruali nyepesi inayopitisha hewa maana wanaanzia huku chini kwenye joto, begi zito mgongoni, jasho linamwagika, alafu jioni wakifika kambini baridi inawakuta wamelowa. Na mlima wenyewe mnaujua, kilele cha Margherita ni mita 5,109 na barafu ipo, si mahali pa kulala na suruali mbichi.

Nilichukua kitambaa cha trakisuti cha poliesta, nikaweka ukanda wa neti ndani ya mapaja kuanzia msamba mpaka gotini, na mwingine nyuma ya goti. Pea 4 zimerudi. Neti ya mapajani imesagika kwa kusuguana, ya nyuma ya goti inaingiza matope na majani yanayowasha, na kinachoniuma zaidi wote wanne wamesema joto liko pale pale. Sasa matundu yote yale hewa inaenda wapi? Niongeze neti au nibadilishe kitambaa? Pea moja nauza shilingi 45,000 na sitaki kumuuzia mtu kitu atakachokilaani akiwa huko juu.

mzee_wa_bujuku

Ssebo fundi, mimi nimebeba mizigo kwenye ule mlima miaka mingi, wacha nikuambie kitu ambacho ukiwa umekaa kwenye cherehani huwezi kukiona. Sisi tunavaa gambuti. Yale matope ya Bigo huwezi kuyapita bila gambuti, na suruali unaichomeka ndani yake. Kwa hiyo chini pamefungwa. Kiunoni mkanda umebana, na mkanda wa begi umebana juu ya huo. Hewa iingilie wapi itokee wapi? Ni kama nyumba yenye dirisha moja tu, hata ulifungue lote upepo haupiti.

Neti ya ndani ya mapaja haina kazi kwetu, mapaja yanagusana na upepo haufiki kule. Fungua upande wa nje. Weka zipu ndefu kuanzia chini kidogo ya mfuko mpaka juu ya goti, na iwe ya vichwa viwili ili mtu aweze kufungua juu, au chini, au kote. Hewa ya baridi inaingilia karibu na goti, ile ya moto inapanda na kutokea juu pajani. Tena ukipanda, kila hatua paja linasukuma kitambaa linaachia, linasukuma linaachia, mguu wenyewe unafanya kazi ya mvukuto wa mhunzi. Ila mvukuto ukiuziba hauna maana.

Zipu isifike nyongani kabisa, mkanda wa begi utaikandamiza kwenye mfupa, mimi nilipata kidonda hivyo na nilishuka siku mbili nakanyaga upande mmoja. Na chini ya goti usiweke tundu hata moja. Siafu hawahitaji kukaribishwa.

mitumba_owino

Mzee amesema vizuri sana. Mimi niko soko la Owino, Kampala, narekebisha suruali za mtumba zile za wazungu za kutembelea porini, na zile zisizotengenezeka nazifumua mshono kwa mshono nione walifanyaje. Fundi, jambo la kwanza ambalo halitakugharimu sana ni mifuko. Zile suruali nzuri mfuko wake ndani hauna bitana, ni neti tupu. Ukiuacha wazi ni tundu la hewa liko pajani tayari, na hujaongeza mshono hata mmoja. Nikipata suruali ya kawaida mteja analalamika joto, nakata bitana naweka neti, mara nyingi analala na jibu hilo anaridhika.

La pili ni msamba. Usishone mishono minne ikutane sehemu moja, weka kipande chenye umbo la almasi katikati ya mapaja. Watu wanadhani ni kwa ajili ya kutochanika tu, lakini angalia suruali isiyo nacho mtu akinyanyua mguu kupanda jiwe: kitambaa kinavutwa chote kinalala kwenye paja. Kikishika ngozi hakuna hewa tena inayotembea hapo hata ungekuwa na zipu kumi. Ongeza na upana kidogo wa paja, sentimita 3 au 4, halafu magoti uyape vipenseli, ile mikunjo midogo ya kushona, ili mguu ukae umepinda wenyewe.

Kitambaa sasa. Poliesta si kosa, tena kwa mlima wenye mvua ni afadhali kuliko khaki ya pamba. Pamba hata ikiwa kavu kwenye hewa ya kawaida inabeba maji kama asilimia 8 ya uzito wake, nailoni kama 4, poliesta haifiki hata 1, ndio maana khaki ikilowa inakaa siku nzima haijakauka. Lakini trakisuti nyingi zinazouzwa zimepakwa kitu kama plastiki upande wa ndani kuzuia upepo, na hapo ndipo nadhani ulinaswa. Ukienda kununua bana kitambaa mdomoni upulize. Pumzi isipopita kiache dukani, hata kama rangi imekupendeza. Geuza pia uangalie ndani kama kinang'aa.

Halafu usikubali mtu akuletee kitambaa cha mabaka ya jeshi eti ni imara. Sheria yetu hapa Uganda hairuhusu raia kukivaa, watakamatwa wateja wako na wewe utaulizwa nani alishona.

dada_wa_sebei

Kaka fundi pole kwa hizo pea nne. Mimi niko Kapchorwa, nakimbia asubuhi na nashonea wakimbiaji kaptula, sio suruali, lakini joto ni lile lile. Mimi sikubaliani sana na neti nyuma ya zipu kama unataka kuiweka. Neti inapunguza hewa, hasa ile ya matundu madogo. Kwenye kaptula mimi siweki neti kabisa, naacha mpasuo pembeni wenye vipande viwili vinavyopandana kama sentimita 5, ukisimama umefunga, ukikimbia unafunguka wenyewe. Akina dada wanaopanda boda wanashukuru ule mpandano maana mpasuo wa kawaida unafunguka mpaka juu ukikaa.

Na kama una wateja wanawake usiwawekee zipu katikati ya ubavu kabisa. Nyonga zetu zinaisukuma inatunisha kama mgongo wa mjusi. Ivute mbele kidogo, vidole viwili hivi.

Jambo lingine, huku asubuhi ni baridi na saa nne jua linachoma, kwa hiyo hewa lazima iwe ya kufunga na kufungua. Matundu ya kudumu unayajutia saa kumi na mbili asubuhi.

mzee_wa_bujuku

Dada, kwa mkimbiaji wa barabarani nakubali. Lakini msituni zipu iliyo wazi bila neti inakamatwa na kila tawi, na mbu na siafu wanaingia moja kwa moja. Bora apate hewa kidogo pungufu. Fundi, neti usiivute, iache ilegee, ikibana kwenye ngozi mbu anauma kupitia matundu yake hayo hayo.

fundi_wa_kasese

Nimerudi baada ya wiki tatu, asanteni sana. Nilipuliza kile kitambaa changu kama mlivyosema. Pumzi haikupita hata kidogo! Yani nilikuwa nawashonea watu makoti ya mvua ya miguuni.

Nimepata nailoni nyembamba Kampala, nikashona suruali moja ya majaribio, mguu wa kulia zipu ya vichwa viwili na mfuko wa neti, wa kushoto nikauacha hauna kitu, msamba wa almasi katikati. Nikampa porta mmoja apande nayo. Amerudi anasema mguu wa kushoto ulilowa siku ya kwanza kabla hawajafika kambi ya Nyabitaba, wa kulia ulikuwa na unyevu tu, na alipofungua kote wakati wa kupumzika ukakauka akiwa anakunywa chai. Ameniomba nibadilishe huo wa kushoto hata kabla hajanilipa.

Tatizo limebaki moja. Zipu ilikamata neti mara mbili, mara ya pili ilibidi aichane kwa kisu.

mitumba_owino

Hapo shona utepe mwembamba mgumu kati ya zipu na neti, urefu wote wa zipu, na neti uishone sentimita 1 nyuma ya meno isiyafikie. Zile nilizofumua zote zina huo utepe, wenye zipu isiyo nao ndio wanaoniletea. Rangi gani unatumia?

fundi_wa_kasese

Bluu iliyokolea, ndiyo waliyoichagua.

mzee_wa_bujuku

Mlimani sawa. Ila kama kuna wanaoongoza wageni mbugani pia, kule Murchison, waambie bluu na nyeusi zinawaita mbung'o, na wale wanachoma juu ya kitambaa chembamba bila shida. Wakatie kahawia au kijani cha majani makavu.

fundi_wa_kasese

Wawili kati yao wanakwenda mbugani pia. Nakata sita kesho, nne bluu, mbili kahawia. Hao wanne wa mwanzo ndio wa kwanza, na silipishi tena.