Mnaoangalia Everybody Hates Chris na watoto wenu, tupeane uzoefu

Mama wa Ilazo
Wakuu, habari za jioni. Jana kijana wangu wa darasa la sita kachomoa waya wa friji wakati wa kulala. Namuuliza vipi, ananijibu, "Mama, usiku hatuli, linamaliza luku bure." Nikajua huyu ni Julius, yule baba bahili wa kwenye tamthilia, kaingia nyumbani kwangu. Julius alimchomolesha mwanawe saa eti ukilala huhitaji kujua saa, unaunguza senti tu.

Kwa asiyeijua: ni tamthilia ya vichekesho ya Marekani, imerushwa kuanzia Septemba 2005 hadi Mei 2009, misimu minne, vipindi 88. Mchekeshaji Chris Rock mwenyewe anasimulia utoto wake Brooklyn, mtaa wa Bed-Stuy. Mimi nimeipenda kwa sababu ni nadra kupata kitu cha vijana nikakaa nacho sebuleni pamoja na baba mkwe bila kukimbilia rimoti. Hakuna nguo za ajabu wala mambo ya chumbani, na wazazi wote wawili wamo ndani ya nyumba.

Ila yapo yanayonikwaza. Yule mama, Rochelle, kila akifungua mdomo ni kutishia kofi. Na Tonya, kitinda mimba, anadanganya, Chris anaadhibiwa, yeye anakaa zake ametulia. Binti yangu mdogo ameanza michezo hiyo hiyo. Wenzangu mnafanyaje? Mnaruka vipande, mnazima, au mnaacha yaende?

Dereva wa Makole
Umenikumbusha mbali sana. Tulikuwa tunaiangalia geto pale Chang'ombe, watu kumi, televisheni moja ya chogo.

Shangazi Kondoa
Mimi nazima. Mtoto anajifunza kujibizana na wakubwa. Hawa wa Marekani malezi yao si yetu.

Kisasa Juu
Shangazi kwa heshima, umeangalia kweli? Mle ndani ni nani anayejibizana na Rochelle akabaki salama? Kama kuna tamthilia ya Marekani yenye mama wa Kitanzania ni hii.

Mtoto wa Mlinzi
Sijawahi kuandika kwenye uzi wa tamthilia, leo naandika.

Baba yangu alikuwa na kazi mbili kama Julius. Mchana anapakua magunia soko la Majengo, usiku analinda godauni la mfanyabiashara mmoja. Tuliishi Chamwino pale mjini, chumba na sebule, watoto watano. Baba alikuwa haongei na sisi ila kwa bei. Mkate ukibaki mezani anataja bei yake. Taa ikiwaka mchana anataja uniti. Kwenye tamthilia maziwa yakimwagika Julius anataja senti zilizomwagika, na mke wangu anacheka mpaka anashika mbavu. Mimi sikuweza kucheka.

Kuna mahali, kwenye kipindi cha kwanza kabisa, Chris anasema baba yake hakuwa mtu wa kutamka nakupenda. Alikuwa anasema tutaonana asubuhi, na mtaani kwao kina baba wa kuonekana asubuhi walikuwa wa kuhesabu. Kurudi nyumbani ndiyo kulikuwa kupenda kwake. Wakuu, mimi utoto wangu wote niliamini baba hatutaki. Anaingia alfajiri, harufu ya kahawa ya walinzi, anauliza "mmeamka?" kisha analala na viatu. Lile neno "mmeamka" nimelielewa nikiwa na miaka thelathini na kitu, nikiwa nimekaa kwenye kochi langu, marehemu mzee hayupo tena nimwambie.

Sasa mtu akiniuliza uzuri wa hii tamthilia nitamwambia huo. Imempa heshima baba maskini. Tamthilia nyingi baba maskini ni mlevi au ni wa kuchekwa. Julius anachekesha kwa ubahili wake, ila hakuna kipindi hata kimoja utamdharau.

Dereva wa Makole
Mkuu umeniliza. Pole kwa mzee.

Zabibu za Hombolo
Naunga mkono. Mzee wangu naye alikuwa wa bei.

Fundi Redio Mpwapwa
Nzuri, ila mwisho wake mbovu kwa watoto. Chris anachelewa shule mpaka anaambiwa arudie darasa la kumi, anaamua kuacha na kwenda kufanya mtihani wa GED, ule wa Marekani wa kupata cheti sawa na cha sekondari, tunaachwa pale bila kuambiwa kama kafaulu. Mwanangu akaniuliza, kwa hiyo shule unaweza kuacha? Nikakosa jibu.

Kisasa Juu
Sasa wewe mbona unatoa mwisho wakati mwenye uzi ndiyo kwanza kamaliza msimu wa kwanza? Watu wengine bwana.

Fundi Redio Mpwapwa
Imeisha 2009. Unataka nisubiri mpaka lini?

Mjukuu wa Mwalimu, UDOM
Acheni kugombana. Kuna kitu cha kumwambia mtoto hapo. Chris Rock kweli aliacha shule akafanya GED, hawakutunga. Na hadithi ilikuwa imefika mwaka 1987, baba yake halisi, Julius Rock, akafariki 1988. Wangeendelea wangelazimika kumzika Julius kwenye vichekesho. Mimi naona waliisimamisha pazuri.

Mtoto wa Mlinzi
Hilo la 1988 sikulijua. Asante mkuu.

Mama Wawili Kibaigwa
Nimesoma tangu juu, mkono unatetemeka lakini niseme.

Mwanangu wa kwanza nilimtoa huku Kibaigwa nikampeleka shule ya mchepuo wa Kiingereza Dodoma mjini, anakaa kwa mjomba wake Nkuhungu. Nauza mahindi, ada naidunduliza. Wenzake wanaletwa na magari, yeye na daladala. Kila likizo anarudi amekonda, nikimuuliza anasema chakula cha mjomba hakina chumvi. Nikagombana na wifi yangu bure.

Desemba tukawa tunaangalia hii. Yuko Caruso, yule mtoto wa nywele nyekundu anayempiga Chris kila siku, watoto wanacheka. Kisha akaja yule mwalimu, Morello. Mnamjua, anamwonea Chris huruma kwa kumdhania vitu kwa kuwa ni mweusi: baba kakimbia, nyumbani hakuna chakula, na anaongea kwa sauti ya upole kabisa. Wote tumecheka. Mwanangu akanyanyuka akatoka nje.

Nikamfuata. Kakaa kwenye mfuko wa mahindi, hataki kunitazama. Ndipo akaniambia. Kuna wenzake watatu wanamnyang'anya chakula na kumwita ombaomba, kwa sababu ni Mgogo. Alipokwenda kumwambia mwalimu wa darasa, mwalimu akamjibu mbele ya wote, akitabasamu, kwamba watu wa kwenu si mmezoea kuomba, waombe wenzako wakurudishie. Darasa likacheka. Tangu siku hiyo hakusema kwa mtu yeyote. Mwaka mzima.

Mnauliza kasoro ya hii tamthilia. Yule mwalimu anaandikwa ili tumcheke yeye, mtu mzima anaelewa hivyo. Mtoto aliyeambiwa maneno yale yale na mwalimu wa kweli anatusikia sisi wazazi wake tunacheka, anajua ni yeye tunayemcheka.

Shangazi Kondoa
Mungu wangu. Pole mdogo wangu. Ulikwenda shuleni?

Kisasa Juu
Taja shule hiyo hapa hapa!

Mjukuu wa Mwalimu, UDOM
Asitaje. Mtoto bado anasoma pale pengine.

Boda Nala
Mfundishe ngumi. Siku moja tu, watamheshimu.

Dereva wa Makole
Ngumi za nini? Chris alipigana na Caruso kipindi cha kwanza tu, unakumbuka aliishia wapi? Hamisha mtoto.

Zabibu za Hombolo
Usihamishe, ukihamisha wameshinda. Nenda na mjomba, nenda na baba, jazeni ofisi.

Shangazi Kondoa
Nenda na mimi. Nina kauli.

Fundi Redio Mpwapwa
Na hayo ya "ombaomba" wengi humu mnayasema kila siku mkiita ni utani wa makabila. Muyaone yanavyofika darasani.

Boda Nala
Utani ni utani mkuu, usichanganye.

Fundi Redio Mpwapwa
Mtani anajibiwa. Mtoto wa darasa la tano atamjibu nini mwalimu?

Mama wa Ilazo
Boda, hapo huna hoja. Dada yangu wa Kibaigwa, nisamehe nilileta uzi wa kofi na friji, kumbe kuna mwenzangu ana hili. Tuambie ulifanyaje.

Mama Wawili Kibaigwa
Nilikwenda na baba yake. Mwalimu mkuu alitusikiliza, mwalimu yule akaitwa, akasema alikuwa anatania. Baba yake akamwambia, basi mtanie na mimi. Akakaa kimya. Watoto watatu waliitwa na wazazi wao, chakula kimeacha kuibwa. Mwalimu tuliombwa tumsamehe, mimi bado.

Na tamthilia hatukuacha. Mwenyewe ndiye aliyeomba tuendelee. Sasa Morello akitokea nasimamisha, nawauliza wanangu: huyu amekosea wapi? Mkubwa ndiye anakuwa wa kwanza kujibu.

Mtoto wa Mlinzi
Huyo ni kijana. Mpe salamu zangu.

Mama wa Ilazo
Basi na mimi nitasimamisha kwa Tonya. Swali la mwisho wakuu: msimu wa pili niliowekewa kwenye flashi ni wa dijei, anatafsiri huku anaingiza matusi ambayo mle hayamo. Nani ana usio na dijei?

Dereva wa Makole
Ninao wote minne. Kesho saa kumi nipo stendi ya Sabasaba, njoo na flashi ya gigabaiti 32, ndogo haitatosha.